MWALIMU WETU ANATAKA KUSOMA TENA

(Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, siku ya kugawa vyeti kijijini.)



Leo tumekuja kugawa vyeti. Vyeti vipo hapa mezani, mnaviona. Lakini kabla ya kuvigawa tuna jambo moja la kuzungumza nanyi, maana limetukuta hapa hapa.

Tulipofika asubuhi tulikuta watu wamesimama chini ya mwembe wanabishana. Tukauliza, kuna nini? Tukaambiwa kwamba mwalimu wa Darasa la Pili ameandika barua. Anaomba ruhusa aende chuo kikuu miaka miwili kusomea shahada ya uzamili. Shule ina walimu sita, na watoto wamezidi mia nne. Tena mwalimu huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha ninyi jioni. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu amekwisha soma. Kama hajui, alikuwa anawafundisha nini watoto wetu? Na kama anajua, anakwenda kutafuta nini?"

Watu walicheka. Sisi pia tulicheka. Lakini swali la mzee si la kucheka tu. Ni swali zuri, na tunataka kulijibu.

Kwanza tuelewane juu ya barua yenyewe. Ruhusa ya mwalimu wa serikali haitolewi na kijiji. Inatolewa na mwajiri wake, yaani halmashauri ya wilaya. Mwalimu mkuu ameileta barua kwenye kamati ya shule kwa sababu anataka maoni yenu. Amefanya vema. Mwalimu akiondoka, watakaoona kiti kitupu ni watoto wenu.

Sasa, mwalimu anasoma kiasi gani? Mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti amemaliza kidato cha nne, kisha akakaa chuo cha ualimu miaka miwili. Akiendelea anapata stashahada. Akiendelea tena anakwenda chuo kikuu, na kwa kawaida baada ya miaka mitatu anapata shahada ya kwanza. Juu ya hiyo ndiyo kuna shahada ya uzamili. Na juu ya uzamili kuna uzamivu. Neno hilo la mwisho wavuvi watalielewa upesi: fikirini mtu anayezamia mpaka chini kabisa. Mwalimu wenu anayo shahada ya kwanza tayari. Aliipata polepole, kwa kusoma akiwa kazini, na wengi wenu hamkujua.

Jambo la mwalimu kusoma huku anafundisha si geni katika nchi yetu. Wazee mnakumbuka. Mwezi Novemba mwaka 1974 viongozi wa TANU walikutana Musoma. Waliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi ya elimu ya msingi. Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini walimu walikuwa wapi? Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa wote kwa haraka vile. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa madarasa. Asubuhi walifundisha, na saa nyingine walijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa wakufunzi waliowatembelea. Vijana zaidi ya 40,000 waliandikishwa kwa mpango huo. Baadhi ya wazee waliokaa hapa walifundishwa na walimu wale. Wapo waliowadharau wakiwaita walimu wa kuunga unga. Sisi hatuwadharau. Bila wao madarasa mengi yangekuwa na madawati bila mwalimu, na mengine hata madawati hayakuwa nayo. Lakini tuseme kweli: walipewa kidogo, wakadaiwa kingi. Wengi wao waliendelea kusoma miaka mingi baadaye ili kuziba yale mapengo.

Hata Mwalimu Nyerere alikuwa mwalimu wa darasani aliyeondoka kwenda kusoma. Alikuwa akifundisha Tabora. Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Scotland, akamaliza mwaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu. Ni kweli kwamba mwaka 1955 aliacha ualimu kwa ajili ya siasa, lakini hatudhani kwamba kuna mtu hapa atakayemlaumu kwa hilo.

Turudi kwa swali la mzee. Mwalimu anakwenda kutafuta nini huko juu?

Wengine wanatafuta cheo. Tusifichane. Mtu akipata shahada kubwa hutazamia mshahara upande, au apewe ofisi. Sisi tunaozungumza nanyi tulikuwa walimu wa darasani. Tulitoka chuo cha ualimu, tukafundisha Darasa la Tatu, kisha tukasoma tena. Tulipomaliza hatukurudi Darasa la Tatu. Tulipewa meza. Kazi ya kisomo tunaipenda, hatuilaumu. Lakini watoto wale arobaini na tano tuliowaacha walikaa muhula mzima wakifundishwa kwa zamu, leo na huyu, kesho na yule. Mpaka leo tukikutana na mmoja wao sokoni tunasikia aibu kidogo.

Tena kuna kijiji kimoja, hatutakitaja, ambako mwalimu aliruhusiwa kwenda kusoma miaka miwili. Wananchi walimchangia nauli. Akina mama walimpikia. Alipomaliza alipangiwa kazi mjini, na kijiji hakikupata mtu mwingine kwa muda mrefu. Aliyekosea si mwalimu peke yake. Hakuna aliyemwuliza mapema atarudi wapi, na waliompangia kazi hawakuuliza ametoka wapi. Watu wa kijiji kile sasa wakisikia neno "uzamili" wanakunja uso. Tunawaelewa.

Lakini tuna habari nyingine ya kuwaambia. Hii tutaieleza kwa kirefu, maana tuliiona kwa macho yetu, na ndiyo jibu letu kwa mzee.

Katika kata moja ya wilaya hii yupo mwalimu wa kike aliyesomea uzamili wa elimu bila kuacha darasa lake. Alisoma kwa njia ya masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, na kina vituo mikoani. Mwanafunzi wa chuo hicho halazimiki kuhama nyumbani. Anasoma vitabu na maandishi, siku hizi mengi kwa simu au kompyuta, na anakwenda kituoni kwa mitihani na kuonana na wahadhiri. Mwalimu huyo alikuwa akifundisha mchana, anapika, anawalaza watoto, kisha anafungua vitabu saa tatu usiku. Kwake hakukuwa na umeme. Alisomea taa ya sola. Mawingu yakitanda siku mbili, basi tena. Hatusemi haya ili mmuonee huruma. Tunasema ili mjue kwamba "kusoma akiwa kazini" si maneno mepesi, hasa kwa mama mwenye nyumba.

Mwishoni mwa masomo yale mwanafunzi hutakiwa kuandika tasnifu. Tasnifu ni kama kitabu. Anachagua jambo moja, analichunguza, anaandika alichokiona. Mwalimu yule akachagua jambo la darasani kwake: kwa nini watoto wengi wa Darasa la Pili hawajui kusoma. Akaandika kurasa za mwanzo upesi upesi. Aliandika kwamba watoto ni wavivu na wazazi hawajali elimu. Akapeleka kwa msimamizi wake chuoni. Kurasa zikarudi. Pembeni palikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu: "Umejuaje?"

Mwalimu alikasirika. Alituambia mwenyewe. Alisema, "Mimi niko na watoto hawa miaka kumi na moja, yeye yuko mjini, eti ananiuliza nimejuaje!" Akaandika tena kwa maneno mengine. Zikarudi tena. "Umejuaje?"

Basi akaanza kutazama. Alimwita mtoto mmoja mmoja pembeni ya darasa, akampa kitabu kile kile cha kila siku, asome. Watoto wengi walisoma vizuri kabisa! Akashangaa. Kumbe wanajua? Ndipo mama mmoja alipokuja shuleni. Mama huyo alikuwa mwanakisomo kama ninyi, ana miezi michache tu tangu ajue kusoma. Akasema, "Mwalimu, mwanangu jana alinisomea ukurasa mzima. Lakini kitabu alikishika juu chini."

Mnacheka! Lakini fikirini. Mtoto alikuwa hasomi. Alikuwa anaimba. Darasa lina watoto wengi mno, mwalimu anasoma mstari, wote wanaitikia kwa sauti moja. Mtoto mwenye masikio mazuri anashika ukurasa mzima kama wimbo. Na mama yule angekuwa hajui kusoma asingegundua. Angefurahi tu, angesema mwanangu amekuwa msomi.

Mwalimu akajaribu tena. Alichukua maneno yale yale ya kitabuni, akayapanga upya ubaoni. Ikawa si "Baba analima shamba la pamba" bali "Shamba la baba lina pamba." Hapo ndipo mambo yalipoonekana. Waliokuwa wanasoma kama maji ya mto walikwama. Waliobaki wakisoma hawakufika nusu.

Akaendelea kuuliza. Aligundua kwamba baadhi ya watoto wanajua kutamka silabi, lakini neno lenyewe hawalijui. Nyumbani tunasema lugha yetu, na Kiswahili wanakikuta shuleni. Mtoto anasoma "bi-ri-ka" vizuri, ukimwuliza birika ni nini anakutazama tu. Aligundua pia watoto wawili wa kiti cha nyuma ambao hawaoni ubao. Walikuwa wakipigwa kwa uzembe, kumbe ni macho. Neno lile "wavivu" akalifuta katika tasnifu yake. Alituambia kwamba kulifuta kulimuuma, maana alikuwa amelisema mbele ya wazazi miaka mingi.

Alifanya nini baada ya kujua? Hakupewa fedha wala walimu wa kumsaidia. Aliwagawa watoto katika vikundi vidogo, wale wanaokwama na silabi huku, wale wanaokosa maneno kule. Kila kikundi alikipa dakika zake wakati wengine wanaandika. Aliwaketisha wale wawili mbele, akawaandikia wazazi wao waende hospitali ya wilaya kupima macho. Tena kila mtoto alipewa mistari mitatu, mipya kila siku, aende kuisoma nyumbani kwa mtu yeyote anayejua kusoma. Mama wa kile kitabu cha juu chini akawa msikilizaji wa watoto sita wa jirani. Hatuwezi kusema kwamba watoto wote walijua kusoma mwisho wa mwaka. Hapana. Lakini mwalimu alijua nani hajui, na kwa nini hajui. Kabla ya hapo hakujua hata hilo.

Mzee wangu, hicho ndicho mwalimu anakwenda kutafuta. Chuo cha ualimu kilimfundisha kushika chaki, kuandaa somo, kutunza darasa. Hayo anayajua. Masomo ya juu, yakiwa mazuri, yanamfundisha kujiuliza "Umejuaje?" na namna ya kupata jibu. Yakiwa mabaya yanampa joho na picha ya ukutani. Zote mbili zipo, na kwa karatasi tu huwezi kuzitofautisha.

Tuseme kidogo juu ya lugha. Masomo hayo ya uzamili kwa sehemu kubwa huandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu anafundisha kwa Kiswahili mchana kutwa, halafu usiku anaandika habari za watoto wale wale kwa Kiingereza. Kitabu kinawekwa maktaba ya chuo. Wazazi wa watoto walioandikwa humo hawakisomi kamwe. Jambo hili sisi halitupendezi. Mwalimu yule tuliyemtaja tulimwomba aje kwenye mkutano wa kijiji asimulie kwa Kiswahili, akaja. Watu walisikiliza mpaka jua likazama, na wazazi wawili walibishana naye vikali. Msimamizi wake wa chuo angefurahi kuwaona.

Na fedha je? Nani analipa? Walimu wengi tunaowafahamu wanajilipia wenyewe, kwa mshahara au kwa mkopo wa benki unaokatwa kila mwezi. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na ugomvi mkubwa juu ya jambo hilo. Mwaka 2021 tume inayoajiri walimu huko ilianzisha mafunzo ya lazima ya kuendeleza walimu, na kila mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Walimu wengi walikataa. Walisema kama mwajiri anataka wajifunze, mwajiri alipe. Sisi tunaona walikuwa na haki ya kusema hivyo. Fundi hanunui msumeno kwa fedha yake halafu nyumba ikawa ya mwingine. Hapa kwetu kuna mafunzo ya walimu kazini, yale yanayoitwa MEWAKA, ambamo walimu wa shule moja au shule jirani hukaa pamoja na kusaidiana katika masomo magumu. Hayo hayana shahada, na mwalimu hahami. Tunayapenda. Lakini mtu mwenye kiu ya kuchimba zaidi hawezi kuambiwa hayo yanatosha.

Sasa barua ya mwalimu wenu. Mnataka tuseme ndiyo au hapana. Kamati ndiyo itakayosema. Sisi tutawaambia tunavyoona.

Kumkatalia moja kwa moja hatuoni faida. Mwalimu aliyekataliwa anabaki na mwili, moyo umekwisha kuhama. Mwaka ujao ataomba uhamisho, na huo mtashindwa kuuzuia. Lakini kumwachia aende miaka miwili bila kuuliza neno, hilo nalo mmeona matokeo yake katika kile kijiji kingine.

Kwa hiyo mwiteni. Muulizeni kwa heshima, maana ni mwalimu wenu. Je, masomo hayo yanaweza kusomwa akiwa hapa, kwa masafa? Kama yanaweza, kijiji kitampunguzia nini? Msimwambie tu "soma usiku" halafu mkamwachia madarasa mawili ya watoto, kisomo cha jioni, na kutunza kumbukumbu za kamati. Sisi upande wetu tuko tayari kutafuta mtu wa kushika kisomo kwa mwaka mmoja. Hata mmoja wenu mliohitimu leo anaweza kusaidia kundi la wanaoanza. Na kama ni lazima aende, nani atashika Darasa la Pili? Msikubali jibu la "tutaona". Mwombeni mwalimu mkuu aandikie halmashauri sasa, kabla ya muhula, aombe mwalimu wa kuziba nafasi, na katika barua hiyo iandikwe kwamba kijiji kinaomba mwalimu wake arudishwe hapa akimaliza. Hatuwezi kuwaahidi kwamba atarudishwa. Uwezo huo hatuna, na mkisikia mtu anawaahidi, mwulizeni amejuaje. Lakini ombi lililoandikwa hukaa kwenye faili. Ombi la mdomo halikai.

Jambo la mwisho mwulizeni atachunguza nini. Kama ni habari za shule hii, mwambieni mlango uko wazi, na mwambieni pia kwamba mtataka kusikia alichokiona, kwa Kiswahili, hapa hapa chini ya mwembe.

Maoni ya kamati yataandikwa Jumamosi saa nne asubuhi, katika Darasa la Tano. Zamani maoni kama hayo yaliandikwa na mwalimu mkuu, na wengine wakaweka dole gumba. Safari hii tunaomba wajumbe wote wayasome kwanza, mstari kwa mstari, ndipo watie sahihi. Anayeona neno limekosewa alikate. Njooni na kalamu.

Haya, Mwenyekiti, tuanze kuita majina.